Programu Zako Zipange Mwenyewe, Usisubiri Kupangiwa

Najua nimepotea. Zamu nne za usiku mfululizo, mtoto akapata mafua, halafu zamu tena... ndiyo maisha ya huku, wenye kuyajua wanayajua. Leo niko mapumziko na nimekuja na jambo ambalo wengine mtaliona dogo: namna tunavyopanga programu kwenye kompyuta zetu za mezani. Najua kuna atakayesema, "Dada, umekosa cha kuandika?" Sijakosa. Nipeni dakika chache.

Kuna mama mmoja hapa mjini kwetu, mtu wa makamo, ametutangulia wengi kuja Uingereza. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Kompyuta alijifunza akiwa ameshapita miaka hamsini, na alijifunza kwa mahali, siyo kwa majina. Mwanawe wa kiume ndiye aliyempangia kabla hajaenda chuo: juu kulia kikundi cha "Kazi", ndani yake ratiba ya zamu na fomu ya kujazia masaa, chini yake "Kanisa", ndani yake Biblia na nyimbo za kwaya, pembeni "Watoto". Ukimuuliza ile programu ya masaa inaitwaje hajui, na wala hana haja ya kujua, kama mimi nisivyojua kampuni iliyotengeneza bomba la jikoni kwangu. Alikuwa ananyoosha mkono na kukuta.

Kompyuta ile ikafa. Akanunua nyingine, na mtoto yuko mbali na ana mitihani. Programu zote zikarudishwa, hakuna hata moja iliyokosekana, ila sasa zimejipanga A mpaka Z. Mama wa watu alikaa wiki nzima hajajaza masaa, na huku masaa usipojaza hulipwi. Alinipigia siku ya mwisho ya kufunga hesabu, saa tatu usiku, sauti imembadilika. Akaniambia, "Mwanangu, mimi si mjinga, ila hii kompyuta imenifanya mjinga."

Tulimaliza saa tano, masaa yakaingia, mshahara ukatoka. Lakini maneno yake yamenikaa kichwani mpaka leo. Ndiyo maana nasema mpangilio wa programu siyo pambo. Ni sehemu ya ujuzi wa mtu. Ukimvurugia mpangilio umemnyang'anya ujuzi, hata kama hujamchukulia kitu. Na wanaoumia zaidi siyo vijana waliozaliwa na kipanya mkononi, ni watu wazima waliojifunza kwa jasho, na wale ambao Kiingereza cha kwenye skrini wanakisoma kwa kubahatisha. Na sisi huku tuna watu wa namna hiyo wengi tu, tusidanganyane.

Sisi manesi jambo hili tunalijua, ila kwa vitu vya kushika. Kila wodi ina toroli ya dharura, ile inayokimbizwa mgonjwa moyo unaposimama. Nenda wodi ya chini, nenda wodi ya juu, hospitali ile ile: unatakiwa uikute imepangwa vilevile. Baraza la hapa linalosimamia mambo ya kurudisha uhai, Resuscitation Council UK, linashauri hivyo hivyo, vifaa na mpangilio viwe sawa hospitali nzima. Na mara nyingi droo zinafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kwanza njia ya hewa, halafu upumuaji, halafu mzunguko wa damu. Haikupangwa kwa alfabeti. Haikupangwa kwa jina la kampuni. Haikupangwa hata kwa aina ya kifaa, maana sirinji unaweza kuikuta kwenye droo zaidi ya moja, kwa sababu inahitajika katika hatua zaidi ya moja. Aliyepanga alijiuliza swali moja tu: mikono ya mtu aliyeko hapa itatafuta nini, na itatafuta baada ya nini?

Sasa geukeni mtazame kompyuta zinavyotupangia.

Mnaokumbuka zamani sana, Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuwa na kitu kilichoitwa Program Manager. Vikundi vilikuwa vidirisha vidogo vidogo: Main, Accessories, Games. Ulikuwa unaunda chako na kukipa jina unalotaka. Kasoro ilikuwa kwamba kikundi hakiwezi kuwa ndani ya kikundi kingine, lakini kusema kweli sidhani kama hiyo ni kasoro. Halafu tarehe 24 Agosti 1995 ikaja Windows 95 na menyu ya Start, na hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo watu wengi hawakuitambua. Kila programu iliyoingizwa ilikuja na folda yake, na folda nyingi zikawa na jina la kampuni iliyoitengeneza. Sisi wa kizazi cha Windows XP tunaikumbuka ile orodha ya All Programs, inafunguka kulia, inafunguka tena kulia, kipanya kikiteleza kidogo tu unaanza upya! Ili ufungue programu ya kuchoma CD ilibidi ujue nani ameitengeneza. Ni kama uende soko la Mgandini pale Tanga ukute nyanya, vitunguu na bamia havikupangwa kwa kazi ya mpishi bali kwa jina la mkulima.

Windows 8 ya mwaka 2012 ikaleta vigae, watu wakapiga kelele. Windows 10 ya mwaka 2015 ikatuliza: vigae vikabaki upande mmoja wa menyu, na ukaweza kuvikusanya katika vikundi vyenye majina yako. Mimi naamini ule ndio ulikuwa mpangilio mzuri kuliko yote waliyowahi kutoa, na walioutumia vizuri ni wachache mno. Kisha Oktoba 2021 ikatoka Windows 11 na vikundi vyenye majina vikaondolewa. Microsoft wenyewe walitangaza kwamba ulivyobandika kwenye Start havitahamia upande mpya. Folda zikarudi mwaka 2022. Mwishoni mwa 2025 wakaanza kusambaza menyu nyingine yenye orodha inayojigawa yenyewe kwa makundi, wewe kazi yako ni kutazama.

Na msidhani wenye Mac mmepona. Launchpad ilikuja mwaka 2011, unaweka programu moja juu ya nyingine inakuwa folda, unaipa jina. Miaka kumi na minne watu wakapanga na kupangua. Septemba 2025 ikatoka macOS Tahoe, Launchpad ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa orodha yenye makundi ya kompyuta yenyewe. Folda za watu hazikuhamishwa.

Kuna wanaosema haya ni maendeleo, kwamba kompyuta sasa ina akili na inatupunguzia kazi. Nakataa. Kompyuta inajua programu ni kitu gani. Haijui mimi naitumia kufanya nini, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kwake WhatsApp ni mawasiliano, Excel ni kazi za ofisi. Kwangu mimi WhatsApp na Excel ni mtu na dada yake, kwa sababu hapo ndipo unapokaa uhasibu wa michango: nani ametoa kwa ajili ya msiba, nani ameahidi harusi ya binamu, nani anajificha. Mashine gani itawaweka pamoja? Na ukurasa wa benki nao umo humo humo. Ukinipangia kwa aina umenitenganishia watu wa familia moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mdogo wangu. Ana steshenari Ngamiani, Tanga, kompyuta mbili za mezani, printa na skana. Mnajua steshenari zetu siku hizi siyo za kuuza kalamu tu. Mtu anakuja anataka kuomba mkopo wa chuo, mwingine ana shida na cheti cha kuzaliwa, mwingine anaomba kazi serikalini kwa njia ya mtandao. Nilipokwenda likizo nilikaa pale dukani siku mbili nikamtazama. Skrini yake ina folda chache zenye majina ya shida za watu. Ipo "Mkopo", ipo "Vyeti", ipo "Ajira", ipo "Picha na Barua". Ukifungua "Mkopo" unakuta ukurasa wa HESLB, ukurasa wa RITA (maana cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza), programu ya skana, programu ya kupunguza ukubwa wa picha, na ya kuunganisha kurasa ziwe PDF moja. Ukifungua "Ajira" unaikuta skana tena, na ile ya PDF tena. Hakuna aliyemfundisha. Wateja wamejipanga mstari kwenye benchi, jua kali, umeme unaweza kukatika muda wowote, mtu akikosea hatua moja anarudi tena kesho na nauli nyingine. Shida ndiyo imempangia kompyuta yake, na imeipanga kama ile toroli ya dharura.

Nilimuuliza, kwa nini umeweka skana mara tatu? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Dada, si njia ya mkato tu hiyo? Skana yenyewe ni moja."

Jibu lake hilo wengi hatujalishika. Ikoni siyo programu. Ni mlango tu, na nyumba moja inaweza kuwa na milango mitatu. Ukifuta njia ya mkato hujafuta programu, ukiiweka folda tano hujaijaza kompyuta. Nimekutana na watu wazima wenye digrii zao wanaoogopa kugusa ikoni kwa kudhani kitu kitaharibika.

Sasa upande mwingine, nao umetoka wodini. Kupanga siyo kukusanya tu vinavyofanana. Wakati mwingine kupanga ni kuvitenganisha. Hapa Uingereza mwezi Julai 2002 ilitolewa tahadhari ya usalama wa wagonjwa kuhusu kloridi ya potasiamu iliyokolezwa. Kichupa chake kilikuwa kinakaa wodini karibu na vichupa vingine vya maji yasiyo na madhara, vinafanana, na mtu aliyechoka akichanganya mgonjwa anakufa. Dawa haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni mahali: ikaondolewa kwenye rafu za wodi za kawaida, ikawekwa peke yake chini ya ulinzi. Manesi wote wa kizazi changu tumefundishwa hivyo, vinavyofanana visikae jirani.

Kwenye kompyuta kufanana ni kwingi siku hizi. Kwa miaka kadhaa Windows 11 ilikuwa na Teams mbili, moja ya nyumbani na moja ya kazini, za zambarau zote, mpaka zilipounganishwa mwaka 2024. Ikaja Outlook ya zamani na Outlook mpya, za bluu zote. Sasa kama una anuani ya kazini na ya nyumbani, ukituma jambo la mgonjwa kwa anuani isiyo yenyewe hapo umeingia kwenye matatizo ya usiri, na huku usiri wa mgonjwa hauna mzaha. Mimi ya kazini iko ndani ya folda ya kazi, ya nyumbani iko nje kabisa, upande wa pili wa skrini. Hazionani.

Mume wangu haafiki hata kidogo. Yeye ni wa kuandika jina: anabonyeza kitufe cha Windows, anaandika herufi tatu, programu inafunguka. "Kwa nini upange chumba wakati una mtumishi wa kukuletea?" Kwa mtu kama yeye, anayekaa mbele ya kompyuta kutwa, namkubalia. Lakini kutafuta kunahitaji ukumbuke jina, na kukumbuka ni kazi ngumu kuliko kutambua. Saa kumi alfajiri katika zamu ya usiku naweza kusahau jina la mtaa ninaokaa, lakini nikiiona ikoni naijua. Isitoshe majina yenyewe hayatulii. Programu tuliyoijua kwa jina la Office ikawa Microsoft 365, kisha Januari 2025 ikaongezewa Copilot. Ile ya Remote Desktop, ya kuingilia kompyuta ya mbali, mwaka 2024 ikapewa jina jipya: Windows App. Jamani! Programu ya Windows inaitwa "Programu ya Windows". Utaitafutaje hiyo? Kwenye folda yangu mimi nimeiandika "Kuingia kazini" na haijanisumbua, waibadilishe jina mara mia.

Kuhusu kompyuta za mahospitalini nitasema kidogo, maana nikianza sitamaliza. Zile za magurudumu tunazozisukuma toka kitanda hadi kitanda, wenyewe huku waliziita kwa herufi za kwanza tatu ambazo kwa Kiingereza zinasomeka "ng'ombe". Basi mtu wa Afrika ukifika siku ya kwanza unasikia "nani amechukua ng'ombe wangu?" unadhani uko mnadani. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi skrini ya ng'ombe huyo ilikuwa na ikoni zaidi ya arobaini: za maabara, za upasuaji, za stoo, za watu wa mishahara. Nesi wa wodi anahitaji tano. Anayekuja kwa zamu moja tu, hajawahi kufika pale, anaanza kusoma ikoni moja moja huku mgonjwa anasubiri dawa ya maumivu. Ninavyoona mimi, yule anayepanga skrini za wodi angefuata nesi nyuma kwa zamu moja, asubuhi, wakati wa kugawa dawa, kisha ndipo arudi ofisini kwake apange. Toroli ya dharura hawakumwachia muuza matoroli aipange.

Haya, yangu nimeyapangaje? Nina vikundi vitano na sitaongeza. Cha kwanza ni "Mwisho wa Mwezi", na hicho nawashauri wote tuliopo ughaibuni muwe nacho: benki, kodi ya nyumba, bili, ukurasa wa kutumia hela nyumbani, na lile jedwali la michango. Kinafunguliwa siku moja katika mwezi, nakaa na chai yangu, namaliza, nafunga mpaka mwezi ujao. Cha pili ni "NMC". Manesi wa hapa mnajua, kila baada ya miaka mitatu lazima uhakikiwe upya: masaa 450 ya kazi, masaa 35 ya kujiendeleza, maoni matano ya watu, tafakari tano za kuandika. Watu hukumbuka mwezi wa mwisho wakaanza kukimbizana na vyeti. Mimi kila nikimaliza mafunzo ninafungua folda ile, ukurasa wa baraza umo, jedwali la masaa limo, karatasi ya tafakari imo, naandika mistari miwili naondoka. Cha tatu ni cha shule ya watoto. Cha nne ni cha picha na video za familia. Cha tano nitakifikia.

Sina kikundi kinachoitwa "Mengineyo". Kila nyumba yenye chumba cha "mengineyo" mnajua mlango wake haufungi. Programu isiyo na kikundi inabaki kwenye orodha ya A mpaka Z na haijafa, ikihitajika itaitwa. Na vile unavyovitumia kila siku usivifungie kwenye folda hata kidogo, viache nje, kwenye mstari wa chini wa skrini. Mtungi wa oksijeni haukai ndani ya droo. Na kama watoto wanatumia kompyuta hiyo hiyo, kila mmoja mfungulie akaunti yake, la sivyo hayo yote ni kazi bure, utakuta Roblox ndani ya "Mwisho wa Mwezi".

Kwa kuwa makampuni yanapangua kila baada ya miaka michache, vikundi vyangu siviweki tena kwenye menyu yao. Naviweka katika folda za kawaida, zile zile za kuwekea barua. Folda ya kawaida imevuka tangu Windows 95 mpaka leo bila kuguswa. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:AppsFolder, itafunguka orodha ya programu zako zote. Bofya kitufe cha kulia juu ya unayoitaka, chagua kuunda njia ya mkato, itakaa juu ya skrini, kisha uiburute kwenye folda yako. Kwenye Mac fungua Applications, shikilia Option na Command kwa pamoja unapoburuta programu kwenda kwenye folda, halafu iweke folda hiyo upande wa kulia wa Dock. Wa Linux mnaotumia GNOME, burutieni ikoni juu ya ikoni mambo yamekwisha. Kurasa za mtandao nazo zinaingia humo humo: buruta ile alama ndogo iliyo kando ya anuani ndani ya kivinjari. Ukihamia kompyuta nyingine nakili folda hizo kwenye flashi. Njia za mkato za kurasa zitafanya kazi moja kwa moja, za programu zitasubiri mpaka programu yenyewe iingizwe, pengine uziunde upya. Na kabla ya kuhama piga skrini yako picha kwa simu. Yule mama tumempangia upya hivyo hivyo kwa folda, na picha ya skrini tumeichapa, imebandikwa ukutani juu ya meza. Sasa anajaza masaa yake peke yake. Juzi kanipigia, nikadhani kompyuta tena, kumbe ananialika ubwabwa.

Majina ya folda yaandikeni kwa Kiswahili. Kompyuta haina kinyongo na lugha, unaandika utakalo. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, chini ya mradi wa Kilinux, kazi kubwa ya kutafuta neno la kila kitufe. Sisi hatuombwi kazi hiyo, tunaombwa maneno matano tu ya kwenye folda. Watoto wangu wanaongea Kiswahili cha kuokoteza, lakini "Mwisho wa Mwezi" wanaujua vizuri sana, wanajua siku hiyo mama haombwi hela!

Sasa kile cha tano. Kinaitwa "Nyumbani". Mwanzoni kilikuwa cha kupigia simu Tanga: Skype ilikuwemo mpaka ilipofungwa tarehe 5 Mei 2025, WhatsApp imo, kurasa za magazeti ya kwetu zimo, saa ya Dar es Salaam imo ili nisimwamshe mama usiku wa manane. Wiki mbili zilizopita binti yangu, ana miaka tisa, alikaa kwenye kompyuta nikamwambia kile kikaratasi cha mtandao cha kupima joto la nyumba na kuwasha hita akiweke mahali panapofaa. Akakiweka kwenye "Nyumbani". Nikamwambia hapana, hicho siyo cha humo. Akaniuliza, "Kwani hita siyo ya nyumbani?"

Nilinyamaza. Baba yake akacheka jikoni. Hita mpaka leo imo humo, kati ya saa ya Dar na gazeti, na sijaitoa, wala sijafungua folda ya sita. Yeye anataka folda igawanywe mbili, "Nyumbani" na "Home". Mimi sitaki. Mume wangu anasema tuite "Kwetu" kila kitu kiingie.

Nyie wenzangu mlioko Muscat, Dubai, Minneapolis na kwingineko, kwenye kompyuta zenu neno hilo mmeliweka wapi, na ndani yake kuna nini? Nisimulieni. Mimi naenda kulala kidogo, usiku nina zamu.